Chakula cha Heshima: Jiko la Sikukuu Arua na Koboko

Sikukuu ni siku ambayo familia hutangaza, bila kutamka neno, ni chakula gani inachokiheshimu. Mtoto anayeketi mkekani siku ya Krismasi, Pasaka au Idi hapewi mhadhara wa lishe. Huona tu ni sahani ipi iliyofunikwa kwa kitambaa safi ikapelekwa kwa wageni, ni ipi iliyobaki jikoni kwa ajili ya wapishi, na ni ipi ambayo haikupikwa kabisa kwa kuogopa aibu, na anachokiona siku hiyo hudumu ndani yake kuliko mabango ya afya yanayobandikwa kwenye kuta za zahanati. Makala haya yanaitazama hukumu hiyo ya mezani kama inavyotolewa leo Mvara, kitongoji cha Arua chenye kanisa kuu la Anglikana la Emmanuel, na Koboko, mji wa mpakani ulio kaskazini zaidi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba chakula chenye afya ambacho watu wa West Nile, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Uganda wenye miji hiyo, wanahimizwa kukitafuta kimo tayari katika jiko lao la siku za kawaida, kwamba huondolewa mezani siku ile hasa ambayo wajukuu wote wamekusanyika kukiona, na kwamba hakitarudi kwa mafunzo ya lishe peke yake maadamu kazi yote ya kukipika imeachiwa mabega ya wanawake wachache.

Jiko la Arua halikutoka katika chungu kimoja. Waingereza walipofungua kituo cha serikali hapo mwaka 1914, eneo hilo lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyelishika kama sehemu ya eneo lililoitwa Lado, kisha mikononi mwa utawala wa Sudan kuanzia mwaka 1910, ndipo likaunganishwa na Uganda. Walugbara walikuwa wakulima wa ulezi, ambao wengi huuita wimbi, pamoja na mtama, ufuta na kunde. Wakakwa wa Koboko walikuwa na jamaa zao pande zote tatu za mpaka, yaani Uganda, Kongo na Sudan ya kusini. Nao Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, waliokatiwa njia na uasi wa Mahdi nchini Sudan, walikuja na vyakula vya unga uliochachushwa kama kisra, mkate mpana na mwembamba unaopikwa juu ya bamba la moto, pamoja na gurusa, chapati ya maji inayonywewa chai. Sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa, ni chakula cha upande wa Kongo ambacho mpaka haujawahi kukizuia. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, na mapigano yakafuata mwaka 1980, watu wengi sana wa mkoa huu walikimbilia Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, na Sudan, wakakaa huko miaka, wakipika kwa kile kilichopatikana. Kiswahili chenyewe kilienea hapa kwa njia zinazofanana na hizo, yaani jeshi, polisi, soko la mpakani na kibarua cha ugenini, ndiyo maana majina ya vyakula katika soko la Arua hutoka katika lugha nne au tano bila mtu kushangaa.

Katika mchanganyiko huo kuna mlo mmoja unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndio unaopoteza nafasi yake siku ya sikukuu. Mlo huo ni enyasa kwa mboga ya kunde. Enyasa ni ugali mzito wa rangi ya kahawia, unaopikwa kwa unga wa ulezi au wa mtama uliochanganywa na unga wa muhogo. Ulezi hutoa ladha na rangi, muhogo hutoa mnato unaoufanya ugali ushikamane, na kipimo cha kimoja kwa kingine ni siri ya kila nyumba. Maji yakishachemka, unga humiminwa kidogo kidogo huku mwiko ukizungushwa kwa nguvu, na mpishi huujua wakati wa kuepua kwa namna ugali unavyoachana na ukuta wa sufuria. Kisha huutia katika kibuyu kilicholowanishwa, akakizungusha kwa mkono mpaka ugali ugeuke tonge kubwa la mviringo lenye uso laini unaong'aa.

Mboga yake, ambayo Walugbara huiita osubi, ni majani machanga ya kunde, yaliyochambuliwa na kuchemshwa, mara nyingi kwa maji ya chumvi ya majivu ambayo hulainisha majani magumu na kuyapa utelezi. Chumvi hiyo hupatikana kwa kuchoma maganda au mabua makavu, kuyatia majivu yake katika chombo chenye matundu madogo, na kuyamiminia maji ambayo hudondoka chini yakiwa ya rangi ya chai hafifu. Pembeni, ufuta hukaangwa bila mafuta mpaka punje zianze kuruka, kisha husagwa juu ya jiwe, peke yake au pamoja na karanga, mpaka mafuta yake yajitokeze na unga ugeuke rojo zito. Rojo hilo huongezwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, na mpishi hukoroga polepole bila kuondoka, kwa sababu rojo la ufuta likichemka kwa fujo hujitenga na mafuta yake na kushika chini ya chungu. Mwanamke aliyefundishwa na mama yake hulisikiliza jambo hilo kwa sikio kabla hajaliona kwa jicho, na ujuzi wa namna hiyo hauandikiki kirahisi katika kitabu cha mapishi.

Sayansi ya lishe, inapoupima mlo huu, haipati mengi ya kuurekebisha. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, madini yanayojenga mifupa na meno, ilhali mchele mweupe wa kiasi hicho hauna hata miligramu 30. Majani ya kunde yana beta-karotini, rangi ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na beta-karotini haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta. Rojo la ufuta, ambalo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, huleta mafuta hayo hayo ndani ya chungu kile kile. Protini ya nafaka ina upungufu wa kiini kiitwacho laisini, ambacho kunde na karanga hukijazia kwa sehemu. Kwa maneno mengine, bibi wa Terego au Maracha, sehemu za Walugbara, anayekoroga ufuta ndani ya majani amekuwa akitatua, kwa ulimi na uzoefu, tatizo ambalo maabara zilikuja kulieleza baadaye sana.

Habari ya maabara inakuja karibu na Arua kuliko wengi wanavyojua. Kusini mwa mji huo iko hospitali ya Kuluva, iliyojengwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, ambako daktari Ted Williams alifanya kazi kwa miaka mingi na kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa uangalifu wa kipekee. Mwaka 1961 Williams alifuatana na daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, katika safari ndefu ya gari iliyopitia hospitali nyingi za Afrika ya mashariki na ya kusini, wakichora ramani ya saratani ya watoto ambayo leo inaitwa kwa jina la Burkitt. Aliporudi Uingereza, Burkitt aligeukia swali jingine lililotokana na miaka yake ya Uganda, yaani kwa nini wodi zake za huku zilikuwa na wagonjwa wachache mno wa maradhi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za kwao. Jibu alilolitetea lilikuwa nyuzinyuzi, au ufumwele, yaani ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga na ambayo husukuma mabaki ya chakula mbele. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba chakula cha wanavijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa takriban siku moja na nusu, ilhali kwa Waingereza waliopimwa kilichukua zaidi ya siku tatu. Watafiti waliokuja baadaye wamemsahihisha Burkitt mahali kadhaa, kwa kuwa alitaka nyuzinyuzi zieleze magonjwa mengi kupita uwezo wake, lakini kiini cha hoja yake kimesimama, na mashirika ya afya ya dunia nzima yanashauri leo kile ambacho wanavijiji wale walikuwa wakila bila kushauriwa.

Hakuna haja ya kuipamba zamani hiyo. Mlo mzuri haukuwafikia watoto wote, wala haufiki hata sasa: uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao kutokana na utapiamlo wa muda mrefu, na West Nile ilikuwa juu ya wastani huo, kwenye asilimia 34 hivi. Takwimu hiyo inapaswa kusomwa pamoja na mbegu zilizomo ghalani. Mkoa unaolima ufuta, kunde, karanga na ulezi una watoto waliodumaa, kwa sehemu kwa sababu ya malaria, kuhara na umaskini, na kwa sehemu kwa sababu mazao hayo huuzwa sokoni kwanza, na fedha yake hununua chakula chenye jina kubwa na lishe ndogo. Sikukuu ndiyo kilele cha mabadilishano hayo.

Katika wiki ya kuelekea Desemba 25 mabasi kutoka Kampala huvuka Nile pale Karuma na tena pale Pakwach, yakiwa yamebeba wafanyakazi, wanafunzi na watoto waliozaliwa mjini, na nyumba zinazowangoja huanza kununua mchele, mafuta ya kupikia, viungo vya vipande, makaroni na kreti za soda. Kila kimoja cha vitu hivyo kina mahali pake, na si kazi ya makala haya kumkataza mtu pilau ya sikukuu, ambayo Waislamu na Wakristo wa Arua huipika kwa ustadi. Ubaya umo katika kule kuunganika kwao katika sahani moja ambayo haina jani hata moja. Kipande cha kiungo cha dukani, ambacho kwa kawaida karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, hutiwa katika mchele, kingine katika nyama, kingine katika mchuzi, na juu yake huongezwa chumvi ya kawaida, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na zaidi, takriban vijiko saba vya chai, na mtoto wa sikukuu hanywi chupa moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda ana shinikizo la damu, wengi wao bila kujua, kwa hiyo katika ukumbi wa wageni 20 wazima wa Mvara kuna watano hivi ambao mchuzi huo unawagusa moja kwa moja.

Jambo la chai linahitaji neno la pekee. Wakristo wa uamsho, ambao mafundisho yao yalienea sana katika makanisa ya Uganda na kufika West Nile katika miaka ya 1940, walikataa pombe, na kukataa kinywaji kimoja hufungua mlango kwa kingine. Kwete, pombe ya nafaka iliyokuwa kinywaji cha kazi na sherehe, iliondoka katika nyumba nyingi za waumini, na chai ya maziwa yenye sukari tele ikakalia kiti chake kama ishara ya ukarimu safi. Uamuzi wa kuacha pombe umeokoa nyumba nyingi, na hauna ubishi hapa. Lakini chai nyeusi au ya maziwa inayonywewa pamoja na mlo ina tanini, kemikali inayozuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, na upungufu wa damu ni tatizo kubwa la wanawake na watoto wa Uganda. Kuisogeza chai saa moja au mbili baada ya kula, na kuweka embe, chungwa au papai mezani wakati wa mlo, ni badiliko ambalo halivunji desturi yoyote ya ukarimu, kwa sababu vitamini C ya matunda hufanya kazi iliyo kinyume na ya tanini na kuusaidia mwili kukipata chuma hicho.

Muhogo nao una sharti lake. Aina chungu za muhogo zina viini ambavyo mwilini hutoa sianidi, sumu kali, na ndiyo maana wanawake wa West Nile humenya mihogo, huiacha inyauke juani, huirundika na kuifunika kwa siku tatu au nne mpaka iote ukungu, huukwangua ukungu huo, kisha huianika tena mpaka ikauke kabisa kabla ya kuitwanga. Mwezi Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafariki kutokana na unga wa muhogo wenye sianidi, na walioanza kugundulika walikuwa waombolezaji waliokula pamoja msibani. Mkusanyiko wa watu wengi, unga mwingi ulionunuliwa kwa haraka na kutojua uliandaliwaje ni mambo yanayokutana pia kila Krismasi. Familia inayokusudia kupika enyasa ya wageni 50 inafanya vema kuandaa muhogo wake wenyewe mapema, au kuununua kwa mtu ambaye uanikaji wake unajulikana.

Kalenda ya kilimo, kwa bahati njema, iko upande wa wapishi. Krismasi huangukia mwanzo wa kiangazi, baada ya mavuno ya msimu wa pili, wakati ufuta umekwisha kupigwa na kupepetwa, karanga zimekauka na ulezi uko ghalani. Kinachokosekana ni majani mabichi, na hapo ndipo mboga iliyoanikwa mwezi Oktoba au Novemba inapokuwa na thamani kuliko nyama. Pasaka huja mvua zikiwa zinaanza, ghala limepungua, mashamba yanadai mbegu ile ile ambayo tumbo linaidai, lakini kunde changa na mchicha wa porini vinaanza kuchipua, na kumbikumbi, ambao Walugbara huwaita onya, hutoka kwenye vichuguu baada ya mvua, wakakaushwa na kusagwa kuwa mboga yenye protini na mafuta. Ramadhani haifungwi na msimu wowote, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi. Mwaka 2025 mfungo uliangukia Machi, katika joto kali la mwisho wa kiangazi, ambapo uji wa ulezi wakati wa kufuturu hurudisha maji na nguvu taratibu zaidi kuliko vyakula vya kukaanga. Mtu anayepanga karamu kwa kufuata ghala atapika vitu tofauti katika sikukuu hizo tatu, na atatumia fedha kidogo kuliko yule anayepika pilau ile ile mwaka mzima.

Swali gumu zaidi katika habari hii yote ni la mikono. Mlo wa enyasa na osubi, kama ulivyoelezwa hapo juu, ni kazi ya saa nyingi: kuchambua, kukaanga, kusaga, kuchemsha, kukoroga. Mchele na nyama ya kukaanga vimeshinda katika sikukuu kwa sehemu kwa sababu ya heshima, na kwa sehemu kwa sababu mwanamke mwenye wageni 30 na mafiga matatu hana muda wa kusaga ufuta juu ya jiwe. Kumwambia mwanamke huyo arudie chakula cha asili kwa ajili ya afya ya familia, bila kumpunguzia kitu, ni kumtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, na hapo ndipo mazungumzo mengi ya lishe yanapokosa haki. Usiku wa mkesha yeye na binti zake huwa wako moshini. Asubuhi wengine wanapokwenda ibadani wakiwa wamevaa nguo mpya, baadhi yao hubaki nyuma kulinda vyungu. Mchana hupakua kwa wazee, kwa wageni wa kiume, kwa watoto, na wao hula mwisho kilichobaki, mara nyingi wamesimama. Moshi wenyewe ni tatizo la afya lenye uzito sawa na mafuta na chumvi, kwa kuwa moshi wa kuni katika jiko lisilo na tundu la hewa huharibu mapafu ya mpishi na ya mtoto aliyefungwa mgongoni mwake.

Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti kati ya Walugbara kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, alieleza jamii ambayo kila mke alikuwa na nyumba yake na ghala lake, na ambayo nyama ya kafara iligawanywa kwa utaratibu kati ya jamaa wa ukoo, kiasi kwamba mgawo wenyewe ulionyesha nani ni ndugu wa nani. Utaratibu huo una mambo mawili ya kufikiriwa leo. La kwanza ni kwamba nyama ilikuwa chache, ya pamoja na yenye maana, haikuwa rundo la kila sahani. La pili ni kwamba mgawo wa chakula ni lugha ya undugu, na lugha hubadilika wanaoisema wakikubaliana. Katika sehemu mbalimbali za Uganda wanawake walikatazwa zamani kula kuku au mayai, na firigisi hadi leo hupewa baba mwenye nyumba au mkwe. Miiko ya kwanza imekwisha kulegea bila ukoo wowote kuvunjika. Kwa hiyo desturi ya mpishi kula mwisho nayo inaweza kulegea, na inapaswa.

Wanaume wa Arua wanajua kupika. Wanaochoma nyama jioni kando ya barabara, wanaokaanga chapati na mayai asubuhi karibu na kituo cha mabasi, na wapishi wa shule za bweni wanaokoroga posho, yaani ugali wa mahindi, kwa mwiko mrefu kama jembe, wengi wao ni wanaume, na hakuna anayeuona uanaume wao kuwa umepungua. Mkono uwezao kukoroga posho ya wanafunzi 500 unaweza kusaga ufuta wa familia. Vijana wanaorudi kutoka Kampala kwa likizo ya wiki mbili, wavulana kwa wasichana, wangeweza kupangiwa zamu ya jiko tangu siku ya kwanza, chini ya bibi au shangazi anayejua kipimo, na zamu hiyo ingekuwa njia pekee ya wengi wao kujifunza kile ambacho shule za mjini haziwafundishi. Mashine ya kusaga, ambayo katika masoko mengi ya mkoa husaga karanga na ufuta kwa dakika chache, si usaliti wa mila. Mwenye jiwe atumie jiwe, mwenye wageni wengi aende mashineni. Maharage yaloweshwe usiku kucha, jambo linalopunguza kuni na muda wa kuchemsha kwa kiasi kikubwa, na mboga ichemshwe muda mfupi tu, magadi au maji ya majivu yatiwe kwa kiasi, kwa kuwa yakizidi huharibu vitamini, na magadi huongeza sodiamu ile ile inayokimbiwa katika chumvi.

Kuna suala la kiporo pia, ambalo linaweza kuelezwa kwa ufupi. Hadi mwaka 2024 Arua ilikuwa nje ya gridi ya taifa ya umeme, ikitegemea bwawa dogo la Nyagak na jenereta, na hata sasa nyumba nyingi hazina friji. Nyama na wali vilivyopikwa havipaswi kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la Desemba kabla ya kuliwa au kuhifadhiwa kwa baridi, na chakula cha Krismasi kinachopashwa moto nusunusu siku inayofuata huwapeleka watoto wengi zahanati. Kupika kiasi, na kumpa jirani mchana ule ule kilichozidi, wakiwamo wakimbizi kutoka Sudan Kusini wanaoishi katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi au waliopanga vyumba mjini, ni usalama wa chakula na ni ujirani kwa wakati mmoja.

Watoto wadogo ndio wanaosahaulika zaidi katika shangwe. Mwongozo wa kimataifa wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23 unataka mtoto apate kila siku angalau makundi matano kati ya manane ya chakula, yaani maziwa ya mama, nafaka na mizizi, jamii ya kunde na karanga, maziwa mengine, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A, na matunda na mboga nyinginezo. Mtoto wa umri huo anayepewa wali uliolowekwa kwa mchuzi wa nyama na kumalizia kwa soda amepata kundi moja na sehemu ya jingine. Mtoto wa nyumba ya pili, aliyepewa tonge la enyasa, osubi yenye ufuta na karanga, kipande kidogo cha nyama au cha samaki mkavu kutoka Ziwa Albert na embe, huku akiendelea kunyonya, amefikisha makundi yake matano kabla ya jua kuzama. Sahani ya pili ni ya bei nafuu kuliko ya kwanza, na katika nyumba nyingi za Mvara na Koboko viungo vyake vyote vimo ndani ya ua au kwa jirani.

Kwa hiyo ombi la makala haya ni dogo na linatekelezeka. Makanisa yanayoandaa karamu za waumini, misikiti inayofuturisha na familia zinazongoja wageni waiweke enyasa na mboga ya kunde katika meza ile ile ya wageni wa heshima, ifunikwe kwa kitambaa kile kile kinachofunika pilau, na mwenyeji awe wa kwanza kujipakulia mbele ya watoto. Kisha, wiki chache kabla ya siku yenyewe, kikao cha familia kinachopanga michango ya mbuzi na nauli kipange pia nani atakaanga ufuta, nani atachota maji, nani atakesha jikoni usiku wa tarehe 24, na wapishi watakula saa ngapi. Na kikao hicho kifanyike wanaume wote wa nyumba wakiwepo.